Siku tano za vepu mpya: koo halipimi nikotini

«Daktari, salaam aleikum. Mimi ni dereva wa trela, nina miaka 41, njia yangu ni Mombasa hadi Kampala. Nimevuta sigara tangu nikiwa na miaka 19, pakiti moja kwa siku. Ndugu yangu alipokuja kutoka Dubai aliniletea vepu ya kujaza, yaani sigara ya kielektroniki, akaniambia ni mvuke wa maji tu. Kimiminika nimenunua mwenyewe mjini, ladha ya embe, chupa imeandikwa 50. Siku ya kwanza nilifurahi sana: tamu, laini, haikwaruzi koo kama sigara. Siku ya pili nikashikwa na kizunguzungu, kwikwi na kichefuchefu hadi nikaegesha gari Mtito Andei. Siku ya tatu ladha ikageuka, kama kitambaa kinachoungua. Podi ya mililita mbili naimaliza kwa siku moja na nusu. Usingizi umepotea, moyo unanienda mbio, na kahawa nakunywa kama kawaida yangu, flaski nzima ya kahawa tungu. Kikohozi nilikuwa nacho tangu kama miezi miwili, sasa kimezidi. Sigara sijaacha kabisa, navuta nne au tano tukisimama na tanboi wangu. Mke wangu anasema Marekani watu wamekufa kwa vitu hivi, afadhali nirudi kwenye sigara ninayoijua. Tuna mtoto wa miaka mitatu nyumbani. Je, nikitupe kifaa hiki? Nani mkweli, ndugu yangu au mke wangu?»

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ulifanya vyema sana kuegesha gari pale Mtito Andei. Kichwa kikianza kuzunguka tena, fanya vivyo hivyo bila kujiuliza mara mbili.

Unauliza nani mkweli kati ya ndugu yako na mkeo. Kila mmoja wao kuna mahali amepatia na mahali amekosea, na nitawafikia wote wawili. Ila nikisoma barua yako naona kuna shahidi wa tatu uliyemwamini kuliko hao, naye ni koo lako. Siku ya kwanza koo lilisema tamu, ukaona kifaa hiki ni salama. Siku ya tatu likasema kimeungua, ukaona ni sumu. Mimi ni mfamasia, na watu wengi wanaofika kwenye kaunta yangu na kifaa kipya mfukoni huwa wamehukumu kwa njia hiyo hiyo. Koo linajua ukavu, ukali na joto. Halijui umevuta nikotini kiasi gani, na halijui kinachotokea kwenye mapafu na moyo.

Tuanze na ndani ya kifaa chenyewe. Mna betri, mna podi ya kimiminika, na mna koili, yaani waya mdogo uliogusana na pamba. Ukivuta, betri inaupasha waya moto na ile pamba iliyolowa inatoa ukungu. Kimiminika kwa kawaida ni propilini glaikoli, gliserini ya mimea, viungo vya ladha na nikotini. Kwa hiyo maneno ya «mvuke wa maji» si kweli. Unachovuta ni matone madogo mno ya kemikali hizo, pamoja na chembe kidogo za metali kama nikeli na kromi zinazotoka kwenye waya. Wauzaji hupenda kusema kwamba vitu hivi vyote vinaliwa, na ni kweli gliserini imo hata katika dawa za maji za kikohozi. Lakini unga wa mahindi nao unaliwa, na hakuna anayeuvuta mapafuni. Kitu kuwa salama tumboni hakukuambii lolote kuhusu mapafu.

Mahali ndugu yako alipopatia, bila kujua sababu, ni kwamba ndani ya kifaa hiki hakuna moto. Sigara inapowaka hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Hutoa lami inayoganda kwenye mapafu, na hutoa kaboni monoksaidi, gesi inayokaa kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Nikotini ndiyo inayokufunga usiache, lakini magonjwa mengi yanayomuua mvutaji huletwa na moshi. Mfamasia wa China, Hon Lik, aliyebuni mwaka 2003 aina ya kifaa iliyokuja kuenea duniani, alikuwa mvutaji mwenyewe, na baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu. Wazo lake lilikuwa kumpa mtu nikotini bila kuchoma jani. Hadi leo, hiyo ndiyo hoja moja ya maana inayokitetea kifaa hiki, na inamhusu mtu ambaye tayari anavuta sigara. Kijana ambaye hajawahi kuvuta chochote hana faida yoyote hapo, ananunua uraibu tu.

Sasa tuje kwenye ile namba 50, kwa sababu ndiyo iliyokuangusha Mtito Andei.

Maana yake ni miligramu 50 za nikotini katika kila mililita. Podi yako ya mililita 2 basi ina miligramu 100. Ukiimaliza kwa siku moja na nusu, kila siku zinapita kwenye kifaa miligramu 65 hivi. Linganisha na ulikotoka: sigara moja humwachia mvutaji mwilini miligramu 1 hadi 1.5, kwa hiyo pakiti yako ilikuwa ikikupa kati ya 20 na 30 kwa siku. Si nikotini yote ya podi inayofika kwenye damu, nyingine unaipumua nje. Hata hivyo, toa nusu nzima, na bado umefikia kipimo cha pakiti nzima. Kisha juu yake ukaongeza sigara nne au tano. Kizunguzungu, kwikwi, kichefuchefu, moyo kwenda mbio: hizo ni dalili za kawaida kabisa za nikotini kuzidi.

Kwa nini basi hukuhisi ukali siku ya kwanza? Nikotini ya kawaida ina ualikali, na ndiyo maana ikiwa nyingi huwasha koo hadi mtu anaacha mwenyewe. Vimiminika vikali vya siku hizi huongezwa asidi, mara nyingi asidi ya benzoiki, inayoigeuza nikotini kuwa chumvi. Ukali unapungua, na kipimo kinabaki palepale. Njia hii ilipata umaarufu mkubwa Marekani kuanzia 2015 kupitia kifaa cha Juul. Kwa hiyo ule ulaini uliokufurahisha ni kengele iliyofunikwa kitambaa. Jambo la pili ni kwamba sigara ina mwisho: inafika kwenye kichungi, unaizima, unaendelea na safari. Kifaa hiki hakina mwisho. Kiko mkononi kutoka Mariakani hadi Voi, na wewe unavuta bila kuhesabu.

Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza zimeweka ukomo wa miligramu 20 kwa mililita, na kwa mtu aliyekuwa akivuta pakiti kwa siku ni kipimo kinachomtosha mara nyingi. Ukiamua kuendelea na kifaa, weka hiyo chupa ya 50 kando na utafute ya 20. Vuta mara chache, kisha subiri dakika tano. Ukisikia arosto inarudi, vuta tena kidogo kwenye kifaa badala ya kukimbilia sigara. Wala usichanganye vimiminika mwenyewe, wala usinunue chupa isiyoandikwa kiwango cha nikotini na viungo vyake.

Ladha ya kuungua ina maelezo rahisi. Pamba imekauka. Ama ulijaza podi mpya ukavuta papo hapo kabla pamba haijalowa, ama unavuta mfululizo kiasi kwamba kimiminika hakiwahi kuifikia koili, ama sukari ya bandia ya hiyo ladha ya embe imegandia kwenye waya. Podi mpya ijaze, iache imesimama dakika kumi ndipo uvute. Lakini nisikilize vizuri hapa: ladha hiyo ikitokea, acha mara moja, usijilazimishe kumalizia. Vimiminika hivi vikipashwa moto kupita kiasi huvunjika na kutoa formaldehidi, ambayo ni mojawapo ya kemikali za saratani tulizokuwa tukizikimbia kwenye sigara. Koili iliyoungua haitengenezeki, inatupwa. Hapo, kwa mara moja, koo lako lilikuambia kweli, nawe ulitii.

Usingizi na moyo kwenda mbio vina mshirika mwingine ambaye huenda hukumfikiria: ile flaski ya kahawa. Moshi wa tumbaku huliamsha ini lifanye kazi haraka ya kuvunja kafeini. Kwa miaka 22 mwili wako umekuwa ukiitoa kahawa upesi kuliko mwili wa mtu asiyevuta, ndiyo maana uliweza kunywa flaski nzima na bado ukalala. Sasa umepunguza sigara kutoka ishirini hadi nne au tano, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na kahawa ile ile inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Punguza nusu, na baada ya alasiri uache kabisa. Kinachofanya hivi ni moshi, si nikotini, kwa hiyo vepu haitaliamsha ini kama sigara ilivyofanya. Hili lina uzito zaidi kwa mtu anayetumia dawa. Teofilini ya pumu na klozapini ya magonjwa ya akili huvunjwa kwa njia hiyo hiyo, na mgonjwa akiacha sigara ghafla dawa inaweza kuzidi mwilini bila yeye kuongeza hata kidonge kimoja. Kama unatumia dawa yoyote ambayo hukunitajia, mwambie daktari wako kwamba unaacha sigara.

Mkeo naye. Alichosikia kilitokea kweli. Mwaka 2019 watu wengi Marekani walilazwa kwa majeraha makali ya mapafu, na hadi Februari 2020 hesabu ilifika wagonjwa 2,807 na vifo 68. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu kubwa yao walikuwa wamevuta vimiminika vya bangi, vingi vya magendo, vilivyotiwa asetati ya vitamini E, mafuta ambayo hayana kazi mapafuni. Chupa yako ya embe si kitu hicho. Somo linalobaki ni lile la kutovuta kimiminika kisichojulikana kimetoka wapi. Mahali mkeo alipokosea, na nakuomba umweleze kwa upole kwa sababu anakupenda, ni kukurudisha kwenye sigara. Sigara unaijua kwa mazoea, lakini imekuwa ikikudhuru kila siku kwa miaka 22. Kati ya vitu vyote ulivyoviorodhesha kwenye swali lako, sigara ndiyo yenye uhakika mkubwa wa kuua.

Je, ni salama kiasi gani basi? Mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya England ilitangaza kwamba madhara ya vifaa hivi ni pungufu kwa takriban asilimia 95 kuliko ya sigara. Mimi huwa siitumii namba hiyo na wagonjwa wangu. Ilitokana na makadirio ya jopo la wataalamu, lakini inasikika kama kitu kilichopimwa kwa mizani. Saratani ya mapafu huchukua miongo kuonekana, na vifaa hivi vimeanza 2003. Shirika la Afya Duniani limekataa kuvipendekeza kama njia ya kuacha sigara, na mwaka 2023 lilizitaka serikali zichukue hatua kali za kuvidhibiti, hasa kwa ajili ya watoto. Ninachoweza kukuambia kwa moyo mweupe ni kwamba mvutaji akihama kabisa kutoka sigara, anapunguza sana sumu anazovuta. Hilo halimfanyi awe sawa na mtu asiyevuta kitu.

Neno ambalo ningependa ulibebe ni hilo, *kabisa*. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ la Uingereza uligundua kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku amebeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo mvutaji wa sigara 20. Akili inatuambia kutoka ishirini hadi moja hatari ingeshuka hadi sehemu ya ishirini. Moyo hauhesabu hivyo. Kwa hiyo wewe wa sigara nne au tano pamoja na vepu uko mahali pabaya pa kusimama: umeongeza nikotini, na hatari ya moyo umeipunguza kidogo tu.

Zipo njia nyingine, na nakuwekea mezani zote. Bablishi za nikotini na plasta zake za kubandika kwenye ngozi zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na vidonge vya varenikilini na bupropioni viliongezwa 2021. Plasta hukupa kiwango tulivu mchana kutwa, na bablishi huziba arosto inapopanda. Kwa dereva plasta inafaa sana kwa sababu haina cha kushikwa mkononi. Lakini bablishi haitafunwi kama miraa: tafuna polepole hadi usikie ukali wa pilipili, kisha iweke kati ya ufizi na shavu itulie, na usinywe kahawa dakika kumi na tano kabla yake, la sivyo nikotini haiingii. Nimeona watu wengi wakisema bablishi haifanyi kazi, kumbe wameimeza nikotini pamoja na mate. Varenikilini inahitaji daktari. Upungufu wa dawa hizi zote ni bei, na kwamba si kila duka la dawa linazo.

Katika utafiti mmoja wa England uliochapishwa mwaka 2019, wenye washiriki 886 waliokuwa wakipata pia ushauri wa kila wiki, asilimia 18 ya waliopewa kifaa cha kielektroniki walikuwa wameacha sigara baada ya mwaka, dhidi ya karibu asilimia 10 waliopewa plasta, bablishi na jamii yake. Matokeo hayo yananifanya nisikuambie ukitupe kifaa chako leo. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba kati ya walioacha sigara kwa kifaa, asilimia 80 walikuwa bado wanakitumia mwaka ulipoisha. Walitoka mlango mmoja, wakakaa barazani.

Ushauri wangu kwako, ukiwa mtu niliyemsoma tu na sijamwona: ukiweza kumudu plasta na bablishi, anza na hizo, ukiambatanisha na mtu wa kukushauri. Nchini Kenya namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure kupiga. Ukiona huwezi, na kifaa ndicho kitakachokutoa kwenye sigara, kitumie kwa kiwango cha 20, chagua siku ndani ya wiki hii ya kuzima sigara ya mwisho, kisha baada ya miezi michache uanze kushuka: 20, 10, 5, hadi sifuri. Ukiona mwezi umepita na sigara nne bado zipo, kifaa hakijakusaidia, na ni wakati wa kubadilisha njia.

Mambo ya njiani na nyumbani nayataja haraka. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kuingiza na kuuza vifaa hivi, kwa hiyo usivuke nacho mpaka wa Malaba. Usikiache juu ya dashibodi kwenye jua. Betri za lithiamu zikipata joto kali zinaweza kulipuka. Usivute humo ndani ya kebini, kwa sababu ukungu unaotoka puani mwako una nikotini na tanboi wako hajaiomba. Na chupa ya embe, ndugu yangu, ifungie mahali pa juu penye kufuli. Inanukia kama juisi. Kiasi kidogo cha kimiminika cha 50 kinaweza kumwua mtoto wa miaka mitatu. Akionja, hata kama ni kidogo, usingoje atapike, mkimbize hospitali na chupa mkononi. Kikimwagika kwenye ngozi, osha kwa maji mengi.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi ukiwa umekaa, kuzirai, au kukohoa damu: lolote kati ya hayo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kikohozi nimekiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndicho kilichonifanya nilijibu swali lako kabla ya mengine. Propilini glaikoli hukausha koo na mtu huweza kukohoa siku za mwanzo, hilo ni kweli. Lakini kifaa chako kina siku tano na kikohozi kina miezi miwili. Kilikuwapo kabla, na sasa kimepata wa kusingiziwa. Kikohozi kikizidi wiki mbili kinapimwa kifua kikuu, na mvutaji wa sigara ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo kuliko mtu mwingine. Hospitali za serikali Kenya hupima makohozi na kutibu kifua kikuu bila malipo. Nenda kabla ya safari ijayo, utoe makohozi ya asubuhi, na umwombe daktari picha ya kifua na kipimo cha nguvu ya pumzi, kwa sababu miaka 22 ya sigara inaweza pia kuwa imeanza kubana njia za hewa. Waeleze jumla ya miaka uliyovuta, kama umepungua mwili, na kama unatoka jasho usiku. Yakipatikana matokeo ya kifua kikuu, mkeo na mtoto wapimwe. Tanboi wako naye nenda naye: nyinyi wawili mnapumua hewa moja kwenye kebini hiyo, usiku na mchana, madirisha yakiwa yamefungwa.